Siku Mwinshehe Alipoacha Utani

Watu wa Buguruni walikuwa wakimwona tu Mwinshehe Pazi anatokea kwenye kona ya soko, wanaanza kucheka. Hajasema neno bado. Alikuwa mrefu, mwembamba, jicho la kushoto limeingia ukungu, na alitembea akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja kama kuku anayetazama punje. Mkewe, Tabu, alilalamika kwa majirani kwamba tangu ndoa ifungwe hajawahi kupewa jibu la maana na mume wake. Akimwuliza chumvi iko wapi, anaambiwa imekwenda kuisalimia bahari. Na Tabu mwenyewe alikuwa akilalamika huku anacheka, kwa hiyo malalamiko yake hayakumfikisha popote.

Ambacho wengi hawakukijua, au walikijua wakadhani ni mzaha mwingine, ni kwamba Mwinshehe aliwahi kuwa rubani. Alikulia karibu na uwanja wa ndege, na ujanani alioga vumbi lote la ndege ndogo alizokuwa akizisafisha. Uhuru ulipokuja, wenye ndege zile wakaona aibu kuwa na uwanja mzima bila Mwafrika hata mmoja kwenye kiti cha mbele. Wakamchagua yeye kwa sababu alikuwa karibu. Alijifunza, akafaulu, akawa ananyunyizia dawa mashamba ya pamba, anapita chini kabisa hadi watu wanalala kifudifudi. Kisha siku moja bomba la dawa likapasuka, dawa ikamwingia jichoni. Daktari alimfanyia vipimo vyake, akaandika kwamba rubani huyu hataruka tena. Mwinshehe aliwaambia watu kwamba jicho lile amelikopesha serikali na atarudishiwa nchi ikitajirika. Wakacheka. Tabu peke yake ndiye aliyejua kwamba kwa muda mrefu mumewe alikuwa akisikia ndege angani, anaingia ndani na kujilaza ameelekea ukutani.

Akapata kazi ya ghala katika shamba moja la mkonge chini ya vilima vya Pugu. Huko ndiko alikokutana na Kasimiri.

Kasimiri alikuwa seremala wa shamba, Mnyamwezi wa Tabora, mfupi, kifua kipana, Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili na wa kukasirika kwa nadra sana. Mwinshehe alikuwa Mzaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi wakikutana, jambo la kwanza ni matusi ya utani. Ndivyo ilivyo tangu enzi za misafara, na mtu akikasirikia matusi ya mtani wake hana adabu. Siku ya kwanza tu Mwinshehe alimkuta Kasimiri amebeba ubao begani, akamwambia, “Wewe mpagazi, pembe za ndovu zimekwisha, sasa unabeba hata miti?” Kasimiri akauweka ubao chini, akamtazama juu hadi chini, akajibu kwamba mla nazi anayelipwa kulinda magunia asiwasumbue watu wenye kazi. Wakapeana mikono. Tangu hapo hawakuachana.

Na kwa miaka yote waliyokaa pamoja, Mwinshehe hakumwita Kasimiri jina lake hata mara moja. Alikuwa Mpagazi, Mjukuu wa Punda, Shingo Nene. Mke wa Kasimiri, Yustina, naye alikuwa na majina yake, na aliyarudisha yote na faida juu. Mwinshehe alikuwa akiingia nyumbani kwao bila hodi, anafunua sufuria, anachota. Siku nyingine alikamata kuku wao, akatangaza kwamba amemteka, na hatamwachia mpaka akombolewe. Yustina alimkomboa kwa tumbaku kidogo, kama desturi ilivyo, na mtani akishalipwa huachia alichoshika, hana tena neno.

Sasa, mwenye shamba lile alikuwa Mgiriki, na Mgiriki yule alikuwa na ugonjwa wa kuunda ndege. Alikuwa akiiunda mwenyewe katika banda la nyuma, kwa mbao na gundi, na Kasimiri ndiye aliyekuwa akimpigia randa. Azimio lilipotangazwa na mashamba yakachukuliwa na serikali, Mgiriki alipakia masanduku yake akaondoka, akaiacha ndege ikiwa na bawa moja na haina mkia. Meneja mpya aliyeletwa alifungua banda, akakuna kichwa, akasema kama kile kitu hakisokoti mkonge basi seremala akichukue. Kasimiri akakichukua.

Ile mbao nyepesi ya Ulaya ilikuwa imekwisha. Kasimiri akatafuta podo ya Usambara, akaichagua ubao kwa ubao, anaugonga na kuusikiliza, wenye sauti mbaya anaurudisha. Mifupa ya bawa la pili ikatoka myembamba na mizuri kuliko ya lile la kwanza. Yustina akashona marekani ya kufunikia, mshono mdogo mdogo, wakaipaka dawa ya kukazia nguo hadi ikalia kama ngoma. Injini ilikuwa ya Volkswageni. Mkaguzi alikuja kutoka mjini, akabonyeza huku na huku, akatoa ruhusa ndege iruke karibu na shamba tu, kwa uangalifu. Mwinshehe alikuwa ameshaipa jina kabla ya mkaguzi hajaondoka. Aliiita Mpagazi Mkubwa, na Kasimiri, badala ya kuchukia, akaliandika ubavuni kwa rangi nyekundu.

Kulikuwa na viti viwili. Mwinshehe hakuruhusiwa kurusha, lakini hakuna aliyemkataza kukaa kiti cha pili na kusema, na kusema alikuwa bingwa. Hivyo ndivyo Kasimiri alivyofundishwa kuruka, kwa matusi. Walikuwa wakiondoka alfajiri, upepo ukiwa bado umelala, kutoka kwenye uwanja mwembamba wa nyasi ulioelekea mawio, vilima vya Pugu vikiwa kaskazini na mkonge ukiwa kusini.

Ukitokea upepo kidogo wa ubavuni, Mwinshehe humpigia kelele juu ya mngurumo: “Inamisha bega la upande wa upepo! Hujawahi kubeba mzigo bega moja wewe? Mguu wa pili ukaze. Gurudumu moja kwanza, utue polepole, usije ukavunja pembe za wenyewe!” Na ndege hutua kwa gurudumu la kulia, kisha la kushoto, kwa upole kabisa.

Wakipanda juu humfundisha kuzimia. Ndege huzimia hata injini ikiwa hai. Ukiinua pua kupita kiasi, au ukiikunja kona kwa nguvu ikiwa imepungua mwendo, upepo unakatika juu ya bawa, ndege inatetemeka, kisha inaacha kuwa ndege, inakuwa mbao na nguo. Mwili wa mwanadamu hapo unataka kuivuta juu, na kuivuta ndiyo mauti. Dawa yake ni kusukuma pua chini, kuelekea kule kule unakoogopa. “Mnyamwezi akizidiwa hukaza shingo,” Mwinshehe alikuwa akipiga kelele. “Legeza shingo, Mjukuu wa Punda! Sukuma!” Kasimiri husukuma huku anacheka hadi machozi, na ndege huzinduka. Mara ngapi walifanya hivyo, Mungu anajua. Kwa mtu yule matusi yalikuwa mafunzo bora kuliko kitabu, kwa sababu kila alipolikumbuka tusi mkono wake ulitii.

Ila lilibaki somo moja. Uwanja ule ulikuwa na tabia yake. Kwa kuwa kaskazini ni vilima, ndege ililazimika kuzungukia upande wa kusini, na kona ya mwisho kabla ya kutua ilikuwa ikielekea vilimani. Siku ya upepo wa kusi, utokao kusini, kona ile unaipiga upepo ukiwa mgongoni. Unasukumwa. Unafika kwenye mstari wa uwanja kabla hujamaliza kugeuka, unaupita, na vilima vinakujia usoni. Mwinshehe alikuwa amelisema jambo hilo, lakini alikuwa amelisema kama alivyosema kila kitu, na walikuwa hawajalifanya kwa vitendo, kwa sababu alfajiri hakuna kusi. Alijiambia kwamba kuna siku watakwenda mchana.

Ikaja Saba Saba, mwaka ule taifa likijiandaa kutimiza miaka kumi ya Uhuru. Kasimiri alikuwa ameshaanza kuruka peke yake, na uongozi wa tawi la chama ukamwomba apite juu ya watu na ndege iliyoundwa na mikono ya mfanyakazi wa Tanzania. Alikubali kwa furaha ambayo Yustina alisema hakuiona hata siku ya arusi yao. Mpango ulikuwa aruke asubuhi na mapema, mgeni rasmi akiwa ameketi.

Mgeni rasmi hakuja asubuhi. Tunawajua wageni rasmi. Ngoma zilipigwa, zikachoka, watoto wakalishwa mihogo, jua likapanda hadi utosini likaanza kushuka, ndipo gari likaonekana. Na kusi lilikuwa limeamka zamani. Soksi ya upepo iliyokuwa mlingotini, ambayo asubuhi ilining'inia kama nguo iliyoanikwa, sasa ilikuwa imesimama kunyooka, inaelekeza vilimani, inapigapiga.

Mwinshehe aliitazama soksi ile kwa jicho lake moja. Akavuka uwanja hadi kwenye ndege, pale Kasimiri alipokuwa akifunga mkanda, Yustina pembeni na kitenge kipya, watu wamezunguka.

“Kasimiri,” alisema.

Kasimiri aligeuka.

“Usiruke leo. Upepo huu hujawahi kuruka nao. Kona ya mwisho utasukumwa, utaupita uwanja, utaona vilima vinakuja. Utataka kuikunja. Ukiikunja itazimia, na pale chini hakuna nafasi ya kuizindua. Waambie umeahirisha.”

Kasimiri alimkodolea macho. Kisha midomo ikaanza kumcheza. Akawageukia watu, akawaambia wasikie, leo Mzaramo kamwita jina lake alilobatizwa nalo, bila shaka kuna kitu anataka.

Yustina ndiye aliyeanza kucheka. “Mtani,” alisema, “uso huo umeuazima kwa nani?”

Hapo ndipo kicheko kilipopasuka. Mwinshehe akaapa, wallahi, hatanii. Wakacheka zaidi, kwa kuwa kila siku alikuwa akiapa kwamba kuku wa Yustina ni wa babu yake. Akaona maneno yamekwisha, akalishika bawa kwa mikono miwili, akaling'ang'ania. Na hilo ndilo lililoharibu kabisa. Mtani akishika mali ya mtani wake, kila mtu anajua maana yake. Watu wakashangilia, wakapiga makofi, wakamwambia Kasimiri aikomboe ndege yake. Kasimiri, akiwa amejaa furaha, alipapasa mfukoni, akatoa sigara, akaiweka kwenye kiganja cha rafiki yake na kukifumba.

“Haya, umelipwa,” alisema. “Niachie mzigo wangu, mla nazi. Nikirudi nitakupa na kiberiti.”

Vijana wa chama wakamshika Mwinshehe mabega, kwa upendo, wakimvuta nyuma na kumpongeza. Alikuwa bado anasema. Mtu mmoja alikuwa akirudia maneno yake kwa kuigiza sauti. Kisha injini ikawaka, na hakuna kilichosikika tena.

Kasimiri aliruka vizuri. Hilo lazima lisemwe. Alipita juu ya jukwaa akiwa ameinamisha bega la upande wa upepo kama alivyofundishwa, watu wakasimama wote, na mgeni rasmi naye akasimama, akavua kofia. Alizunguka kusini, akaenda magharibi, akapiga kona ya vilima. Mwinshehe alikuwa amesimama peke yake mwisho wa uwanja, ile sigara ikiwa imevunjika mkononi. Akaiona ndege inasukumwa. Akaiona inaupita mstari wa uwanja. “Iache,” alisema, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza na aliye kiti cha jirani. “Nyoosha. Nenda tu. Vilima viko mbali.”

Ndege ikajikunja kulia kwa nguvu. Ikatetemeka. Bawa la kulia, lile alilolimalizia Kasimiri mwenyewe kwa podo, likaanguka kwanza, na ndege nzima ikalifuata, ikageuka, ikaingia kwenye mkonge. Haikuwaka moto. Watu walikuwa bado wanapiga makofi, wakidhani ni madoido.

Kasimiri alizikwa kesho yake katika makaburi ya misheni. Wanyamwezi walikuja kutoka kila pembe ya Dar es Salaam, Temeke, Kinondoni, wengine kwa miguu. Yustina alikuwa amekaa chini katikati ya wanawake, hajalia, hajala, hajafungua mdomo tangu alipoletewa habari. Wazee walinong'ona kwamba mwanamke asipotoa machozi atavunjika ndani. Kisha wakaanza kutazamana na kuuliza mtani yuko wapi. Kazi ya mtani msibani haina mjadala. Yeye ndiye mwenye ruhusa ya kumwigiza marehemu, kukalia udongo, kukataza mazishi mpaka alipwe, ili waliofiwa wacheke kidogo na wapate nguvu ya kulia.

Mwinshehe alikuja na nguo zile zile za jana. Alipita katikati ya watu hadi kwenye lundo la udongo, akakaa juu yake bila kumwangalia mtu. Watu wakaguna kwa ridhaa. Mtani ameanza kazi.

“Nilimwambia,” alisema Mwinshehe.

Mtu mmoja akacheka chini chini.

“Nilimwambia asiruke. Nilimwita kwa jina lake. Nililishika bawa kwa mikono hii.” Akainyoosha mikono. Ilikuwa inatetemeka, na machozi yalikuwa yanamtoka, hata katika jicho bovu. “Akanipa sigara.”

Kicheko kikazuka, kikubwa, cha watu waliokuwa wakikisubiri. Jinsi alivyotetemesha mikono! Jinsi alivyoweza kulia jicho moja na jingine! Sarafu ikarushwa, ikamgonga goti. Mwinshehe akawatazama, hakuelewa, akarudia kwamba ni kweli, kwamba hatanii, kwamba kama wangemsikiliza mtu yule angekuwa hai. Wakacheka hadi wakashikana mabega. Maumivu yalimjaa kifuani, na hasira pia, kwa kweli alitaka kumpiga mtu. Akainua kichwa atukane tusi la kweli, mara macho yake yakakutana na ya Yustina.

Yustina alikuwa anacheka. Alikuwa amejishika tumbo, kichwa kimeegemea bega la jirani yake, na kicheko chake kilikuwa kimeshaanza kugeuka, kinapanda, kinavunjika, kinakuwa kilio. Wanawake wakamkumbatia. Akalia hatimaye, kwa sauti, kama inavyompasa mtu aliyefiwa.

Mwinshehe aliliona hilo. Kisha akasimama juu ya udongo, akafungua mikono yake mirefu ikawa mabawa, akanguruma kama Volkswageni, akainamisha bega la upande wa upepo. Akamzunguka Kasimiri kaburini, akatetemeka, akaanguka ubavu na kubingirika vumbini. Watu walisema hawajawahi kuona utani wa msiba mzuri kama ule. Alipolipwa, akapisha mazishi yaendelee.

Baada ya hapo Mwinshehe aliendelea na ghala lake, na mizaha yake ikarudi polepole, maana watu walikuwa wakiidai. Tabu aligundua tu kwamba nyumbani sasa anajibiwa. Akiuliza chumvi, anaonyeshwa ilipo. Hakuipenda hali hiyo hata kidogo. Alimwambia shoga yake kwamba ni kama kuishi na mgeni mwenye adabu.

Yustina alibaki shambani miaka michache, akisokota mkonge, hadi ndugu zake wa Tabora walipomwandikia arudi kwao. Mwinshehe alimsindikiza stesheni ya Pugu na mizigo yake. Walikaa kwenye benchi wakingoja garimoshi, wakitaniana kidogo. Yustina alikuwa anazungusha ncha ya khanga kidoleni.

“Shemeji,” alisema.

Mwinshehe akageuka. Hakuzoea kuitwa hivyo na mwanamke yule. Kwake siku zote alikuwa mtani.

“Siku ile uliposema asiruke. Mimi ndiye niliyeanza kucheka.” Akaikaza ncha ya khanga kidoleni. “Niambie ukweli. Ulikuwa unatania?”

Miaka yote ile Mwinshehe alikuwa akimngoja mtu mmoja, yeyote, amwulize swali hilo. Alikuwa amelala nalo na kuamka nalo. Jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi, alilisikia uzito wake. Akamtazama Yustina, akaona jinsi alivyokuwa ameikaza shingo, anangoja kupigwa.

“Nilikuwa natania, mtani,” alisema. “Mzaramo na ukweli wapi na wapi.”

Yustina alitoa pumzi ndefu. Akaiachia ncha ya khanga. “Nilijua,” alisema, akampiga begani kwa kiganja. “Nilijua tu. Mla nazi wewe.”

Garimoshi likaingia. Mwinshehe alimpandishia mizigo, akasimama kwenye jukwaa hadi behewa la mwisho likapita. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kumwuliza.